Saa ya kompyuta ya kazi usiiguse: jaribu tarehe hivi

Habari zenu wadau, karibuni tena hapa Area C, Dodoma. Huo mvumo ni upepo. Dirisha nimefunga, vumbi linaingia vilevile.

Leo naipima programu yangu ya stoo: itafungaje mwaka wa fedha tarehe 30 Juni? Ndiyo, naiuza, bei tutaongea.

Wengi wanabofya saa pale pembeni, wanabadilisha tarehe, basi. Mimi nilifanya hivyo dukani kwa mteja, nikaisogeza miezi miwili mbele. Ile kazi inayojiendesha ya kufuta bakapu, yaani nakala za akiba, zilizopita siku 30 ikaamka, ikaona zote zimezeeka, ikazifagia. Na dada wa kaunta alikuwa anaendelea kuuza! Risiti za Agosti, sisi tuko Juni. Nilitamani ardhi inimeze.

Kwa hiyo tunatumia mashine pepe, kompyuta inayoishi ndani ya kompyuta. Napenda VirtualBox, ni ya bure. Kuiweka ni rahisi, naruka. Ingiza programu na data ya mfano. Ya mfano, jamani, siyo ya mteja.

Sasa taratibu. Kata mtandao wa mashine pepe KABLA ya kugusa saa. Ukiuacha, saa itajirekebisha yenyewe, au tarehe za uongo zitavuka hadi kwenye seva. Umekata? Angalia tena. Kisha chukua snapishoti, yaani picha ya mashine ilivyo sasa. Umechukua? Haya.

Naandika 30 Juni 2027, saa sita kasoro dakika mbili usiku. Yenyewe inasoma 23:58. Tusubiri... Eh! Imerudi leo. Mtandao si nimekata? Aaa, ni kompyuta mama, yaani hii halisi, inamnong'oneza mtoto, mashine pepe, saa. Zima mashine pepe, nenda kwenye kompyuta mama, weka amri ya VirtualBox ya kuzima huo mnong'ono, ile yenye GetHostTimeDisabled, mwishoni namba 1. Washa. Andika tarehe upya.

Imetulia. Nile zabibu kidogo.

Saa sita... mwaka mpya umefunguka, salio la mchele limehama lote. Safi!

Ukimaliza, usirudishe saa kwa mkono. Rekodi za kesho zitabaki ndani, na leseni nyingine zikiona saa imerudi nyuma zinajifunga. Rudisha snapishoti. Snapishoti!

Nimerudisha. Sasa 29 Februari 2028, halafu 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi kwetu, pale mifumo ya zamani ya biti 32 inapoishiwa nafasi ya kuhesabu sekunde na kujikuta mwaka 1901. Mtandao... bado umekatwa. Twende.