Baiskeli ya mlimani au ya changarawe: jinsi ya kuichagua na kuiboresha bila kununua mara mbili

Karibuni. Kabla sijaigusa baiskeli, tazameni hili gurudumu linaloning'inia ukutani. Ni jipya kabisa, halijawahi kukanyaga ardhi, na huu ni mwaka wa tatu lipo hapo. Nililinunua kwa pupa. Habu yake ya nyuma, yaani kile kitovu cha gurudumu, ina upana wa milimita 148, fremu yangu ina nafasi ya milimita 142. Milimita sita tu. Haliingii, na hakuna nyundo wala maombi yatakayoliingiza.

Basi leo tutakwenda na tepu ya kupimia mkononi. Chukua yako, chukua na kalamu, twende.

Hatua ya kwanza: jiulize unapita wapi. Nazungumzia njia unayopita kila wiki, achana na ile uliyoiona kwenye video za watu wanaoruka majabali. Kama njia zako ni barabara za vumbi, kokoto ndogo, vipande vya lami hapa na pale, na unakwenda mbali, baiskeli ya changarawe itakufaa. Ni hii hapa kushoto, yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo. Pembe hizo zina kazi: mikono inapata sehemu tatu nne za kushika, na upepo ukiwa mkali unainama chini. Kama njia zako zina mizizi, mawe ya ukubwa wa ngumi na miteremko ya kukufanya ushike breki muda wote, chukua ya mlimani, hii ya kulia.

Sogeza kamera hapa mbele. Mnaona foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, ya hii ya mlimani ilivyolala, na ile ya changarawe ilivyosimama zaidi? Foku iliyolala huipeleka tairi mbele, kwa hiyo kwenye mteremko mkali baiskeli hutulia na haikurushi kirahisi. Ila ukipanda kilima polepole, gurudumu hilohilo la mbele huanza kuyumbayumba kama limelewa. Kila umbo lina deni lake.

Hatua ya pili: shokapu. Hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika, kwa sababu shokapu zinavutia macho. Kwa baiskeli ya mlimani una njia mbili: shokapu mbele tu, au mbele na nyuma. Ya mbele na nyuma ni tamu ikiwa nzuri, lakini ina maungio yenye beringi zinazotaka matunzo, na kwa fedha ileile utapata breki na gia hafifu zaidi. Kama fedha ni ya kupimia, mimi nachukua ya mbele peke yake.

Jaribu hivi ukiwa dukani. Shika breki ya mbele, kandamiza usukani kwa uzito wako, kisha achia. Foku nzuri inashuka kwa ulaini na kurudi kwa utaratibu. Hafifu inarudi kwa kishindo kama kitanda cha springi. Hiyo ndani yake ni springi tupu, haina cha kuituliza, na unabeba kilo za bure. Kuliko hiyo, heri foku ngumu isiyocheza kabisa, ukaweka tairi nene. Kwa urefu wa mchezo, yaani foku inavyoshuka, milimita 100 hadi 120 zinatosha njia za kawaida za msituni, 130 hadi 150 ni za njia korofi. Zaidi ya hapo ni za watu wa miteremko, nao hawahitaji video yangu.

Hatua ya tatu: saizi. Simama, fremu katikati ya miguu, nyayo zote chini. Lazima pabaki nafasi kati yako na bomba la juu. Halafu keti, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila kiuno kuinama upande mmoja. Ukirudisha unyayo mahali pake, goti litakuwa limepinda kidogo, ndivyo tunavyotaka.

Lakini sikiliza: urefu wa siti usikuuzie baiskeli. Siti inapanda na kushuka, kwa hiyo karibu fremu yoyote itakubali kipimo hicho. Kinachokataa ni urefu wa kwenda mbele, kutoka siti hadi usukani. Stemu ya kubadilisha, kile kipande kinachounganisha usukani na foku, itakupa sentimita moja, labda mbili, basi. Ukihisi umejinyoosha kama unayechota maji kisimani, mabega juu, viwiko vimekaza, hiyo ni kubwa kwako hata kama muuzaji anakuapia.

Hatua ya nne ndiyo kiini cha video hii. Tazama fremu kwa yale usiyoweza kuyabadilisha baadaye. Rangi iache. Geuza baiskeli, andika haya.

Moja, nafasi ya tairi. Pima kati ya mabomba ya nyuma, pale tairi inapopita karibu zaidi, na acha angalau milimita 4 kila upande kwa ajili ya matope. Kwa changarawe nisingenunua leo fremu isiyoingiza tairi ya milimita 40, na ikifika 45 nafurahi. Kwa mlimani, inchi 2.4.

Mbili, ekseli, ile fimbo inayofunga gurudumu kwenye fremu na foku, pamoja na upana wa habu. Za zamani ni nyembamba na hukazwa kwa mkono wa kufungua haraka: upana wa habu ni milimita 100 mbele na 135 nyuma. Za sasa ni fimbo nene inayopita katikati: kwa changarawe kwa kawaida 100 mbele na 142 nyuma, kwa mlimani 110 na 148. Hapa ndipo nilipoumia. Andika namba yako, ipige picha, iweke kwenye simu.

Tatu, shingo ya fremu. Foku nyingi za kisasa zina shingo inayonenepa kwenda chini, kutoka inchi moja na moja ya nane hadi inchi moja na nusu. Fremu yenye shingo nyembamba juu hadi chini haitaipokea, na utabaki kutafuta foku za mtumba maisha yako yote.

Nne, kile kipande kidogo kinachoshikilia kihamisha gia cha nyuma. Kiwe cha kufunguka kwa skrubu. Baiskeli ikianguka upande wa kulia, kipande hicho hupinda au kukatika ili fremu ipone. Nunua cha akiba siku hiyohiyo, maana vina maumbo mengi mno na siku ya shida hukipati.

Kipenyo cha magurudumu nitakipita haraka. Inchi 29 na ile inayoitwa 700 zina rimu ya kipenyo kimoja, milimita 622, 27.5 ni 584. 26 ni 559. Gurudumu kubwa linavuka mashimo vizuri, dogo linageuka upesi na linamfaa mtu mfupi. Kwa 26, fremu ni za bei nafuu lakini matairi mazuri yamepungua.

Kama unanunua iliyotumika, ongeza ukaguzi huu. Shika breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma: ukisikia kugonga kwenye shingo, beringi imelegea au imekufa. Tikisa kila gurudumu kando. Pitisha kidole kwenye kila kiungio cha fremu, rangi ikiwa na mstari kama unywele, ondoka. Kisha mnyororo. Leta rula. Weka alama ya sifuri katikati ya pini moja, soma kwenye inchi 12. Mnyororo mpya, pini inakaa pale pale kwenye 12. Ikivuka kwa moja ya kumi na sita ya inchi, mnyororo umekwisha. Ikivuka kwa moja ya nane, umeshakula na kaseti, lile rundo la sproketi za nyuma, na bei ipungue kwa vyote viwili.

Haya, baiskeli iko nyumbani. Tunaboresha. Sianzi na gia wala magurudumu ya kaboni. Naanza na matairi, kwa sababu hakuna kitu kingine utakachobadilisha kwa nusu saa ukaipanda baiskeli na kudhani umepewa nyingine. Na ukiweza, toa tyubu kabisa. Tufanye pamoja, hili la mbele.

Hakikisha kwanza rimu na tairi vyote vimeandikwa kuwa ni vya tyublesi, yaani vya kutumika bila tyubu. Vua tairi, vua ule mkanda wa zamani, futa rimu kwa spiriti hadi kitambaa kitoke cheupe. Mkanda mpya uwe mpana kuliko ndani ya rimu kwa milimita 2 au 3. Anza upande ulio mkabala na tundu la valvu, vuta mkanda ukiwa umekaza, kaza hasa. Zunguka mpaka upande juu ya mwanzo wake kwa sentimita 10 hivi, kisha ukandamize kwa kidole gumba mzingo mzima. Toboa tundu dogo la valvu, liwe dogo kuliko unavyofikiri. Ingiza valvu, kaza nati kwa vidole, koleo acha.

Vaa tairi, mshale ufuate mwendo. Paka maji ya sabuni kingoni. Fungua ile sindano ya ndani ya valvu ili upepo uingie kwa wingi, kisha pampu kwa nguvu bila kupumzika. Sikiliza... paa! Paa! Hapo kingo zimekaa. Usivuke namba kubwa iliyoandikwa kwenye tairi au rimu, ufuate iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Na rimu zile zisizo na kulabu pembeni mwisho wake ni psi 72.5 (psi ni kipimo cha shinikizo la upepo), tena kwa tairi iliyoidhinishwa tu.

Toa upepo. Mimina dawa ya kuziba: mililita 60 kwa tairi ya changarawe ya milimita 40, mililita 100 hadi 120 kwa inchi 29 nene. Rudisha sindano, jaza, zungusha, tikisa, kisha lilaze gurudumu upande mmoja na baadaye wa pili. Utaona mapovu yakitoka kwenye ukingo halafu yananyamaza. Baada ya miezi miwili mitatu fungua uangalie, maana dawa hukauka, na kwenye joto hukauka mapema zaidi.

Upepo sasa. Mimi nina kilo 74. Kwa milimita 40 naanza na psi 33 mbele na 36 nyuma. Kwa inchi 2.4 naanza 21 na 24. Punguza mbili mbili kila safari hadi usikie rimu ikigonga jiwe, halafu ongeza mbili. Hiyo ndiyo namba yako, iandike.

Baada ya matairi, vitu vinavyogusa mwili: siti, mipini, pedali. Sina mengi hapa, kila mtu na makalio yake. Kumbuka tu pedali ya kushoto inafungwa kinyume, kuelekea saa inavyorudi nyuma. Paka grisi kwenye nyuzi zake.

Breki. Mara nyingi pedi mpya na diski kubwa zaidi, kutoka milimita 160 hadi 180, zinatosha bila kununua seti nzima, ila soma kwanza kipimo cha mwisho ambacho foku na fremu vinaruhusu. Kama ni za mafuta, zipo za mafuta ya madini na zipo za mafuta ya DOT, aina ile ya breki za magari. Usichanganye kamwe, mipira ya ndani itavimba na breki itakufa. Na mikono yenye grisi usiguse diski. Nilifanya hivyo mara moja nikiwa na haraka, baiskeli ikalia kama mbuzi anayepelekwa mnadani, na pedi nikazitupa. Pedi mpya zifundishe: kimbia mwendo wa wastani, punguza hadi mwendo wa kutembea bila kufunga gurudumu, rudia mara 20.

Mwisho gia. Ukishindwa vilima, hesabu kabla ya kununua. Gawanya meno ya mbele kwa meno ya sproketi kubwa ya nyuma. 40 kwa 42 ni 0.95, maana yake ukizungusha pedali mara moja gurudumu halifiki hata mzunguko mmoja. Badilisha ya mbele iwe 36, unapata 0.86. Ni kipande kimoja cha chuma, na mnyororo unapunguzwa kiungo kama umelegea. Jaribu hilo kabla ya kaseti. Ukitaka kaseti kubwa, angalia aina ya habu inayoishika, kwa sababu si kila kaseti inaingia kila habu, na angalia meno mengi zaidi ambayo kihamisha gia chako kinamudu. Usioanishe shifta, yaani vibonyezo vya kubadili gia, za usukani wa pembe na kihamisha gia cha mlimani kwa kubahatisha, hata kama kampuni ni moja. Waya huvutwa kwa vipimo tofauti, na gia zitaruka mpaka uchoke.

Kaza boliti zote kwa nguvu iliyochapwa juu yake. Kwenye stemu mara nyingi ni Nm 4 hadi 6 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), hasa ukiwa na usukani wa kaboni. Zunguka mtaani dakika kumi, rudi, kaza tena, kwa sababu vitu vipya hukaa sawa vikishatikiswa. Kesho asubuhi bonyeza tairi kabla ya kutoka. Ikiwa imelegea usiku kucha, jaza, ilaze upande uliokuwa ukitoa mapovu, nenda kanywe chai, kisha urudi uipande.