Iskra Baada ya Jeshi: Ndege za Mafunzo za Poland Mikononi mwa Watu Binafsi

REHEMA: Karibuni, wasikilizaji. Leo tunazungumzia Iskra, ndege ya jeti ambayo kwa miongo mingi iliwafundisha marubani wa kijeshi wa Poland hadi ilipoondolewa kazini Desemba 2020. Bwana Salim, tuanze na asili yake.

SALIM: Asante, Bi Rehema. TS-11 Iskra ilibuniwa na mhandisi Tadeusz Sołtyk, ambaye herufi za mwanzo za jina lake ndizo hizo TS, na iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 5 Februari 1960. Mwaka uliofuata ilishindanishwa na Yak-30 ya Kisovieti na L-29 Delfin ya Chekoslovakia, kwa kuwa nchi za Mkataba wa Warszawa, muungano wa kijeshi ulioongozwa na Umoja wa Kisovieti, zilitaka aina moja ya ndege ya kufundishia. Delfin ilishinda, lakini Poland haikukubali kuiacha ya kwake, na kiwanda cha Mielec kiliendelea kuiunda hadi 1987, zikafikia 424.

REHEMA: Nyingine zilikwenda India, ambako zilitumika hadi 2004. Kwa maoni yangu, wingi huo ndio chanzo cha tatizo letu la kuzihifadhi ndege hizi, kwa sababu kitu kilichotengenezwa kwa mamia hakimpi mtu haraka ya kukitunza. Wakusanyaji wa ndege za zamani huigombania MiG-21, ndege ya kivita ya Kisovieti, ilhali ndege ya wanafunzi huinuliwa juu ya nguzo langoni na kuachwa huko.

SALIM: Huachwa na kupakwa rangi, nayo rangi huficha mengi. Maji ya mvua hupenya kwenye maungio ya mabamba ya alumini na kuyala kwa ndani, kioo cha chumba cha marubani hufifia kwa jua, na shomoro hujenga viota katika matundu ya kuingizia hewa. Mtu anayetazama kutoka barabarani huiona ndege nzima, kumbe ni ganda.

REHEMA: Mtu binafsi huipataje?

SALIM: Poland ina wakala wa serikali wa kuuza mali ya jeshi isiyohitajika, Agencja Mienia Wojskowego, ambao umewahi kuuza Iskra kwa zabuni. Mnunuzi ndiye huamua kama yake itasimama bandani au itarudi angani. Wapo waliochagua anga: wakfu wa Biało-Czerwone Skrzydła una Iskra yenye usajili wa kiraia, SP-YBC, na nyingine zimesajiliwa na wamiliki binafsi nchini Marekani.

REHEMA: Hapo ndipo ninaposita. Injini yake, SO-3, haitengenezwi tena, kwa hiyo kipuri kinachoharibika hutafutwa kwenye Iskra nyingine. Kila moja inayoruka inakula wenzake waliolala bandani, na kila saa ya angani hupunguza umri wa injini ambayo haina mbadala wake. Je, huko ni kuhifadhi au ni kumaliza akiba kwa heshima?

SALIM: Swali ni la haki, ila ndege iliyosimama nayo huzeeka. Mipira ya kuzuia uvujaji wa mafuta hukauka, matairi hupoteza umbo kwa kubeba uzito mahali pamoja, na injini isiyowashwa wala kupakwa mafuta ya kuihifadhi hushika kutu. Isitoshe, fundi anayejua kuirekebisha Iskra hubaki na ujuzi wake akiwa anaitumia. Wale walioifanyia kazi Mielec na Dęblin, mji wenye chuo cha marubani wa kijeshi, wanazeeka, na vijana hawawezi kujifunza kwa kuitazama ikiwa imefungwa kamba kwenye makumbusho.

REHEMA: Hoja ya mafundi naikubali, tena ndiyo inayonishawishi kuliko ngurumo za maonyesho. Lakini mmiliki anayetaka kuruka hulazimika kuweka redio za kisasa, na tena kuamua kuhusu viti vya kuwarusha marubani nje wakati wa hatari, ambavyo hutegemea baruti yenye muda wa kwisha. Kwa mabadiliko kama hayo, tunabaki na chombo kinachoruka lakini kisicho tena kile alichokalia mwanafunzi wa Dęblin. Ningependa angalau baadhi ziachwe bila kuguswa, pamoja na bunduki ya milimita 23 puani, ikiwa imezimwa, hata kama hazitaruka tena.

SALIM: Hapo hatutofautiani. Ningeongeza tu kwamba zote, zinazoruka na zisizoruka, zihifadhiwe pamoja na vitabu vyake vya matengenezo.

REHEMA: Kwa nini unavipa uzito huo?

SALIM: Kwa sababu kitabu ndicho kinachoonyesha injini imefanya kazi saa ngapi, mara ya mwisho ilifunguliwa lini, na sehemu gani ilibadilishwa. Bila maandishi hayo, fundi hawezi kuthibitisha umri wa kipuri, na mamlaka ya usafiri wa anga haina msingi wa kuruhusu chombo kiruke. Mtu akiniambia anataka kununua Iskra, nitamwomba aanze kwa kuuliza vitabu viko wapi, kisha ndipo aende kuitazama rangi yake.