Lami ya zamani haitaki moto mkali

Huko nyuma mnanisikia? Haya. Ile lami inayochongwa barabarani, mnaona imemwagwa pembeni ya mradi watu wanajazia mashimo, ile ni mali jamani, ina kokoto na ina bitumini, ile gundi nyeusi inayoshika kokoto, ambayo ilishalipiwa. Marekani wanakusanya karibu tani milioni 100 kwa mwaka, na lami mpya wanayotengeneza kwa wastani ina zaidi ya asilimia 20 ya hiyo kuukuu.

Shida ni kwamba bitumini iliyokaa juani miaka 10 na zaidi imeshakakamaa, sasa ukiirudisha mtamboni ukaipiga nyuzi 160 na kuendelea unaizeesha mara ya pili, na ile mpya unayoongezea nayo inazeekea humo humo. Ndo maana kuna hizi dawa za kuchanganya lami kwa joto la chini, unashusha nyuzi 20 mpaka 40 na bado rola inashindilia vizuri. Zilianzia Ulaya mwishoni mwa miaka ya 1990, Afrika Kusini wakazijaribu Durban kuanzia 2008, kisha 2011 chama chao cha lami, Sabita, kikatoa mwongozo.

Ila dawa hazifanani, na hapa ndo wauzaji wanapowapiga. Kuna nta, kama Sasobit ya kampuni ya Sasol, inayeyuka kwenye nyuzi 100 hivi na lami inalainika, ila ikipoa nta inaganda na kuikaza bitumini. Kwa joto la Dar na malori yetu yale ya kuzidisha uzito hiyo ni faida, matairi hayachimbi mifereji haraka, lakini kama umeweka asilimia 40 ya lami kuukuu ambayo tayari ni ngumu, unaongeza ugumu juu ya ugumu na nyufa zitakuja tu. Hapo mimi ningechukua zile za kemikali zinazofanya kazi kama sabuni, unaweka kidogo sana, haziikazi bitumini na zinaisaidia ing'ang'anie kwenye kokoto hata penye unyevu.

Unyevu sasa! Lami kuukuu huipeleki moja kwa moja kwenye moto wa bana, kile kichomeo cha mtambo, itaungua na moshi utatanda mtambo mzima, inapata joto kutoka kwa kokoto mpya, kwa hiyo rundo likinyeshewa inabidi kokoto uzichome zaidi ili kukausha yale maji na dizeli uliyodhani umeokoa imeishia kuchemsha maji ya mvua. Na ukishusha joto kupita kiasi bitumini ya zamani haiyeyuki, wewe kwenye hesabu umeshaihesabu kumbe imekwama kwenye kokoto yake, mchanganyiko unatoka mkavu.

Eti ndugu hapa anauliza kama lazima mtambo mpya. Wala, nta na kemikali unachanganya kwenye bitumini mtambo ule ule, cha kununua kwanza ni mabati, ezeka rundo lako, lichekeche saizi mbili, anza na asilimia 15, halafu ndo umpigie simu huyo wa dawa.