Tufuate Maji: Mhadhara kwa Mafundi na Wanafunzi wa Ujenzi

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja na mvua hii. Ukitaja ujenzi wa Warumi, wengi mnaona nguzo: za mahakama, za benki, za bunge. Leo nguzo tuziache kidogo, tufuate maji.

Nîmes, kusini mwa Ufaransa, ulikuwa mji wa Kirumi. Chemchemi zake zilikuwa karibu na Uzès, kama kilomita 20 ukinyoosha kamba. Katikati kuna vilima, hivyo mfereji ukazunguka mpaka ukafika kilomita 50 hivi. Pampu hakuna. Maji yalijishukia yenyewe, kwa mteremko wa wastani wa sentimita 25 kwa kilomita. Nyie mliowahi kumwaga sakafu ya bafu, maji yakakimbilia mlangoni badala ya kwenye tundu, mnajua nasema nini. Walipofika bonde la mto Gardon wakapandisha matao ngazi tatu, karibu mita 49, ndilo daraja la Pont du Gard. Yote hayo ili maji yavuke bila kushuka zaidi ya hesabu.

Walipimaje? Vitruvius, msanifu majengo wa Kirumi, ameeleza kifaa chao, korobate: ubao wa futi 20 wenye miguu, timazi (nyuzi zenye uzito) zikining'inia pande zote mbili. Siku ya upepo timazi hazitulii. Basi juu ya ubao kulichongwa kijifereji. Unamimina maji, yakigusa kingo sawasawa, ubao umelala sawa. Chombo chenu mnakiitaje? (Ukumbi: “Pimamaji!”) Haya.

Mjini maji yaliingia kwenye birika la mviringo, upana wake kama mita 6, ukutani mna matundu 10 ya mabomba ya madini ya risasi. Birika lipo hadi leo. Katika mji huohuo lipo hekalu la Maison Carrée, ambalo Thomas Jefferson, baadaye rais wa Marekani, alilipenda mpaka akalifanya kielelezo cha bunge la Virginia, mjini Richmond, miaka ya 1780. Nyumba nyingi za serikali za Marekani zikafuata mtindo huo. Simlaumu, hekalu ni zuri kweli. Lakini kwa maoni yangu alichukua mlango akaacha bomba.

Sasa twende Roma. Mwaka 97 Kaisari Nerva alimkabidhi Frontinus usimamizi wa maji ya mji. Mzee alianza kwa kupima, akakuta maji yanapotelea njiani. Kila aliyepewa kibali cha kuvuta maji alifungiwa mdomo wa bomba wa shaba nyeusi wenye kipimo maalumu, kwa sababu risasi ni laini, mtu angeweza kuipanua. Mafundi bomba wakapata njia nyingine. Kibali kikihamia kwa mwenye nyumba mpya, walitoboa tundu jipya kwenye tangi, la zamani wakaliacha wazi, maji yake wakayauza. Chini ya barabara mlikuwa na mabomba ya siri. Alipoyang'oa akapata risasi ya kutosha. Naona mnacheka. Mnawajua watu hawa?

Frontinus alikuwa na majivuno. Katika kitabu chake kuhusu maji ya Roma aliwauliza wasomaji kama piramidi, ambazo hazina kazi, zinaweza kulinganishwa na mifereji yake. Lakini alikuwa na haki ya kujivuna, maana chini yake walikuwepo watumwa 700 wa matunzo: wa kukagua, wa kuziba, wa kupiga lipu. Ujenzi wa namna hii haumaliziki siku ya uzinduzi.

Nîmes walionyesha kinyume chake. Maji ya chemchemi zile yana chokaa nyingi, kama yale yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika la chai. Kwa muda mfereji ulisafishwa. Usafi ulipolegea, ukoko ukaganda kuta zote mbili, mwaka hadi mwaka, pengine ukafikia karibu nusu mita kwa unene. Ukipanda juu ya Pont du Gard utauona: mfereji ambao mtu angepita wima, umebaki mwanya wa kupita kwa ubavu.