Gauni la Shilingi 3

Asanteni. Kaeni, kaeni. Nanyi mliosimama mlangoni, huku mbele viti viko, sijui kwa nini wasomi huogopa viti vya mbele.

Kila nikitoa mhadhara huu wa wanawake wa Uingereza waliohukumiwa na kupelekwa Australia kama wafungwa, kuna mtu hunyoosha mkono kabla sijafika katikati: "Lakini Mwalimu, yule mwanamke wa kwenye noti si alitajirika?" Leo namjibu mapema ili tusisumbuane. Ndiyo, alitajirika. Mary Reibey alihukumiwa akiwa na miaka 13 kwa wizi wa farasi, akiwa amevaa kama mvulana. Akafika Sydney mwaka 1792, akaja kuwa mfanyabiashara mkubwa, na tangu 1994 sura yake iko kwenye noti ya dola 20 ya Australia. Hongera zake. Lakini ukimsukuma mtu mtoni, akapambana na maji mpaka akaibukia ng'ambo, usije ukamdai nauli ya kivuko.

Basi mwacheni huyo. Mimi nina Mary wangu, Mary Wade.

Tarehe 14 Januari 1789 alisimamishwa katika mahakama ya Old Bailey, London. Umri wake ulikuwa kama miaka 11. Riziki yake ilikuwa kufagia njia na kuomba. Pembeni yake alisimama Jane Whiting, wa miaka 14. Mlalamikaji, Mary Phillips, alikuwa na miaka 8, ametumwa maji na chupa yake mkononi. Wale wawili wakamvutia chooni, wakamvua nguo. Nawasomea orodha ya mali: gauni la pamba, shilingi 3. Kitambaa cha kitani cha mabegani, peni 2. Kofia ya kitani, peni 2. Basi. Gauni likaenda kwenye duka la rehani.

Sasa, najua mtu wa sheria yupo hapa anajiandaa. Atasema: "Lakini huyo binti hakuwa malaika." Sikusema alikuwa malaika! Shahidi mmoja aliieleza mahakama kwamba Mary alitamka kuwa alitamani angemtumbukiza yule mtoto chooni. Maneno mabaya, na mtoto aliyeachwa bila nguo mwezi wa Oktoba wa London aliumia, tusimsahau naye. Lakini swali langu siku zote ni moja: serikali ilifanya nini na mtoto wa umri huo mwenye maneno mabaya? Ilimhukumu kunyongwa.

Hapa watu huniambia natia chumvi. Sitii. Zama zile wizi wa kawaida ulipimwa kwa thamani. Ukiiba ndani ya nyumba ya mtu mali ya shilingi 40, ni kitanzi. Ndiyo maana jopo la wale watu 12, wakimwonea huruma mshtakiwa, walikuwa wakitamka kwa uso mkavu kabisa kwamba mali iliyoibwa ina thamani ya shilingi 39. Kila mtu mahakamani alijua ni uongo, na kila mtu alinyamaza. Ila Mary hakushtakiwa kwa wizi wa kawaida. Alishtakiwa kwa unyang'anyi, yaani kumvamia mtu na kumpora, na unyang'anyi hauulizi bei. Ungepora leso, ungenyongwa. Ule mlango mdogo wa huruma ulikuwa umefungwa kabla mtoto hajafungua kinywa.

Kilichomwokoa? Mfalme George III alipata nafuu ya ugonjwa wa akili. Msicheke, ndivyo ilivyokuwa. Machi 1789 ikatangazwa kwamba mfalme amepona, nchi ikasherehekea, na wanawake waliokuwa wakingoja kitanzi wakapewa msamaha kwa sharti la kwenda ng'ambo. Baadhi yao walikataa! Walisimama mbele ya jaji wakasema afadhali kamba kuliko ile bahari. Kila mara mtu akiniambia wanawake hawa "walipewa nafasi ya maisha mapya", namkumbusha hao waliokataa. Wao walikuwa London ile ile, njaa ile ile, na wakapima.

Mary alipandishwa Lady Juliana, meli ya wanawake zaidi ya 220, ikachukua karibu mwaka mzima kufika. Juu ya kilichotendeka humo kati ya mabaharia na wafungwa, wengi humtegemea John Nicol, baharia wa meli hiyo hiyo, ambaye kumbukumbu zake zilichapishwa mwaka 1822. Anasema kila baharia alijichukulia mke, na kwamba wanawake hawakuchukia. Anasema nani? Baharia! Kati ya mtu mwenye ufunguo na mtu aliyefungiwa, hatumwulizi mwenye ufunguo kama kulikuwa na maelewano.

Wakatia nanga Sydney Juni 1790. Koloni lilikuwa na njaa. Meli ya Guardian, iliyobeba vyakula, ilikuwa imegonga siwa barafu, na meli ya Sirius ilikuwa imevunjika kwenye miamba ya kisiwa cha Norfolk. Watu wanatazamia unga, wanateremka wanawake. Ofisa mmoja aliandika kwa uchungu kwamba hii ni shehena isiyohitajika wala kuleta faida. Shehena, ndugu zangu!

Na hao walikuwa na bahati. Meli tatu zilizofuata mwezi ule ule, Neptune, Surprize na Scarborough, zilikodishwa kwa kampuni iliyozoea kusafirisha watumwa, nayo ililipwa kwa kila kichwa kilichopanda, si kilichoshuka. Takriban robo ya wafungwa walikufa njiani. Hesabu za namna hiyo watu wa pwani hii hawahitaji kufundishwa. Na anayeniuliza ya Australia yanatuhusu nini, aniambie wafalme Kabalega wa Bunyoro na Mwanga wa Buganda walipelekwa wapi baada ya kukamatwa mwaka 1899. Shelisheli. Dola ile ile ya Waingereza, ikiwa na mazoea yale yale ya kumtupia baharini kila inayemchoka.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo nakimbia. Mary alipelekwa kisiwa cha Norfolk, akaanza kuzaa akiwa bado kigoli, baadaye akaishi na Jonathan Brooker, wakalima. Alifariki mwaka 1859 akiwa na zaidi ya miaka 80, akiacha kizazi cha watu zaidi ya 300. Kevin Rudd, aliyekuwa waziri mkuu wa Australia, ni wa uzao wake. Mnaona? Ndipo hadithi inapopendeza, na ndipo nisipoiamini, kwa sababu inasimuliwa na vitukuu. Aliyetupwa baharini kutoka Neptune hana kitukuu wa kupiga picha na waandishi wa habari.

Wanawake waliopelekwa Australia mpaka 1853 walikuwa kama 25,000, wengi wao kwa wizi. Nilitaka kuwaeleza Parramatta na Cascades, zile karakana walikofungiwa, lakini muda umekwisha. Kumbukumbu za kesi ya Mary ziko kwenye intaneti, bure, mtu yeyote anaweza kuzifungua. Someni kwanza ile orodha ya nguo, kisha hukumu. Maswali. Na ya noti nimeshajibu.