Jaribio Lisimame Upande wa Anayepokea

Hamjambo nyote, na ahsanteni kwa kuja Tudor jioni hii na joto lote hili.

Nazungumzia majaribio ya kiotomatiki ya arifa, yaani meseji na barua pepe ambazo programu ya wavuti humpelekea mtumiaji. Tushike mfano mmoja: programu ya zahanati inayowakumbusha akina mama siku ya kliniki. Mama yuko Likoni, zahanati iko huku kisiwani. Akidamka, akavuka feri na mtoto mgongoni kwa sababu meseji ilitaja siku siyo, atakayehangaika ni yeye, si sisi tulioandika programu. Ndiyo maana jambo hili naling'ang'ania.

Majaribio mengi ninayoyasoma huuliza kitu kimoja tu: je, amri ya kutuma iliitwa? Ikiitwa, jaribio limepita. Lakini mama hapokei amri, anapokea maneno kwenye simu. Basi jaribio liulize: nani kapata, mara ngapi, saa ngapi, na ameandikiwa nini.

Meseji za kweli zisitoke wakati wa majaribio. Lango ni huduma inayoichukua meseji kwenye programu na kuifikisha kwenye simu. Weka lango bandia linalohifadhi kila lililopewa, kisha ukague kilichomo. Kwa barua pepe, Django, mojawapo ya zana za kujengea programu za wavuti, hufanya hivyo yenyewe: barua zote hubaki kwenye kumbukumbu. Laravel, zana nyingine ya aina hiyo, nayo ina njia yake. Na anwani za kujaribia ziwe za example.com, jina lililotengwa kwa kazi za namna hii.

Sasa tuje kwenye meseji mbilimbili, na hapa nataka tukae kidogo. Programu inatuma, lango linapokea na kuipeleka meseji, lakini jibu linachelewa kurudi. Programu inadhani imeshindwa, foleni ya meseji zinazongoja kutumwa inatuma tena, mama anapata mbili. Lango bandia linaloitikia vizuri kila mara halitakuonyesha kosa hili hata siku moja. Lifanye kaidi: lipokee meseji, kisha likate mawasiliano kabla ya kujibu. Endesha foleni tena, uhesabu. Ili ipatikane moja, kila arifa iwe na ufunguo wake, tuseme namba ya miadi pamoja na aina ya kumbusho, na lango lipewe ufunguo huo huo ili likatae marudio. Kuna malango yasiyo na uwezo huo. Hapo huna budi kuchagua: mama apate mbili, au huenda asipate kabisa. Kwa kliniki mimi nachagua mbili, na uamuzi huo nauandikia jaribio, ili atakayekuja baada yangu asiubadilishe bila kujua.

Saa nayo ina mitego. Seva nyingi huhesabu kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, na Mombasa tuko saa tatu mbele. Miadi iliyohifadhiwa 06:00 ni 9:00 hapa, na mama aandikiwe "saa 3 asubuhi". Ukimwandikia "saa 9", ataelewa alasiri. Kisha kuna neno "kesho". Kazi ikiendeshwa saa 7 usiku, seva bado iko 22:00 ya jana, kwa hiyo kesho yake ni leo yetu. Usikeshe ukingoja saa hiyo. Ipe programu saa bandia, isimamishe hapo hapo, usome meseji inasema nini.

Faragha niipitie haraka. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu hali ya afya kuwa taarifa nyeti, na simu nyingi nyumbani hushikwa na zaidi ya mtu mmoja. Jaribio lihakikishe jina la ugonjwa halimo.

Limebaki la "ng'ambo". Meseji moja hubeba herufi 160. Kile kialama cha ng' kikiwa kimenyooka, hakuna tatizo. Kikiwa kimepinda, kama programu za uandishi zinavyopenda kukigeuza, hakimo katika herufi za kawaida za GSM, yaani mfumo wa simu za mkononi, na meseji nzima hushuka hadi herufi 70. Maandishi ya herufi 140 yaliyokuwa meseji moja yanakuwa tatu, si mbili, kwa kuwa kila kipande hutenga nafasi kidogo ya kuunganishia, na zahanati inalipia zote. Jaribio lichukue kila kiolezo, yaani meseji iliyoachiwa nafasi ya jina, likijaze jina refu kuliko yote, lihesabu vipande. Ni mistari michache tu. Fungueni kompyuta, tuanze na hilo.