Kotesheni Tatu, Gari Moja: Jinsi ya Kukata Bima ya Gari Bila Kupigwa

Mbukwenyi! Karibuni. Leo narekodi nikiwa ndani ya gari, vioo vimepandishwa, maana hapa Nkuhungu, Dodoma, upepo wa mwezi wa nane haukuachi uongee. Ukifungua mdomo unakula vumbi. Nitavumilia joto, nanyi nivumilieni jasho.

Tazameni hizi karatasi tatu. Zote ni kotesheni, yaani karatasi za kutajiwa bei, za bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe, ya gari hili nililokalia: Toyota IST, matumizi binafsi, mwaka mmoja. Ya kwanza inasema shilingi 660,800. Ya pili 413,000. Ya tatu 578,200. Nimezipata ndani ya siku mbili. Mke wangu alipoziona akaniuliza kama hawa watu wanauza bima au wanauza nyanya pale Majengo, kwa bei za kumwangalia mtu usoni.

Sasa zikodolee macho, kwa sababu tutazirudia. Nitakuonyesha kwamba hawa watu watatu, kwa kweli, wamenitajia bei ile ile.

Tuanze mwanzo. Hatua ya kwanza, jua bima yako inakwisha lini. Usiseme "mwezi wa tisa mwishoni". Fungua kavanoti, ile hati ya bima, ya mwaka jana usome tarehe. Kisha weka alamu kwenye simu wiki mbili kabla. Ukianza kutafuta bei siku ya mwisho, wakala anasikia kabisa kwenye sauti yako kwamba kesho una safari ya Singida na trafiki wako njiani. Hapo hakuna mazungumzo tena, unalipa anachotaja. Tena usihesabu kwamba utakatiwa leo ulipe mwisho wa mwezi. Bima ya nchi hii ni lipa kwanza. Hela haijaingia, huna bima.

Hatua ya pili, andaa karatasi. Kadi ya gari, kitambulisho cha Taifa, namba ya TIN, na kavanoti ya zamani. Kadi ikague kabla hujaituma kwa mtu. Kuna ndugu zangu wengi wamenunua gari mkononi mwa mtu, miaka miwili imepita, kadi bado inasoma jina la aliyewauzia. Bima utakatiwa, hela haikataliwi. Siku ya kudai ndipo mtaanza kuulizana gari ni la nani. Kabadilishe umiliki kwanza TRA, halafu urudi kwenye video hii, itakuwa bado ipo.

Hatua ya tatu, amua bima ndogo au kubwa. Hapa sitakaa sana. Bima ndogo, ile ya mtu wa tatu, ndiyo ya lazima kisheria. Kwa gari dogo la binafsi ni shilingi 100,000, ongeza VAT 18,000, jumla 118,000. Hiyo inamlipa uliyemgonga. Wewe na gari lako haiwajui. Lori la mchanga likurushie kokoto pale Ihumwa kioo kipasuke, ni juu yako. Kama gari lako limechoka na thamani yake imebaki milioni tatu au nne, binafsi naona bima ndogo inakutosha, hela nyingine weka kwa ajili ya fundi. Lakini kama gari ndilo mali kubwa uliyonayo baada ya kiwanja, nisikilize mpaka mwisho.

Hatua ya nne, na hii watu wote wanairuka: jua thamani ya gari lako kabla hujampigia mtu yeyote. Nenda yadi mbili tatu hapa mjini, angalia na matangazo ya mtandaoni, tafuta magari ya aina yako, mwaka ule ule, hali inayokaribiana. Usichukue bei iliyoandikwa kwenye kioo. Bei ya kuombwa siyo bei ya kuuziana. Mimi nilimuuliza na fundi wangu, maana fundi anajua gari gani limetoka kwa nani na limeuzwa shilingi ngapi, hata kama muuzaji amemdanganya mkewe. Nikafika kwenye milioni 14. Nikaiandika hapa, na hiyo ndiyo namba nitakayomtajia kila mtu.

Hatua ya tano, omba kotesheni. Unaweza kwenda kwa wakala, kwa broka, benki, au ofisi ya kampuni yenyewe. Wakala anaiuzia kampuni, broka anatakiwa akutafutie wewe, kwa hiyo broka muulize kampuni zaidi ya moja, asikuletee moja akasema ndiyo iliyopo. Ujumbe niliotuma huu hapa kwenye skrini, sitisha video uunakili:

"Habari za kazi. Naomba kotesheni ya bima kubwa. Toyota IST, matumizi binafsi, thamani milioni 14. Naomba unionyeshe asilimia uliyotumia, VAT, eksesi, na kiwango cha juu cha kioo. Mwaka jana sikudai kitu, naomba na punguzo langu kama lipo."

Eksesi ni hela unayochangia wewe ukidai, tutaifikia. Ujumbe ni ule ule kwa wote, usibadilishe hata neno. Ukimuuliza mmoja hivi na mwingine vile, utalinganisha papai na tikiti.

Sasa mimi mwenyewe, kabla sijawa mjanja wa kuandika huu ujumbe, niliwapigia tu simu nikasema "nataka bima ya IST, shilingi ngapi?" Ndiyo zikaja hizi karatasi tatu. Rudini tuziangalie. Sogea karibu na skrini.

Hii ya 660,800. Angalia mstari wa thamani: milioni 16. Huyu ni wakala wangu wa siku zote, amechukua namba ya mwaka jana akaibofya tena, kana kwamba gari langu limelala kwenye friji mwaka mzima. Asilimia tatu na nusu ya milioni 16 ni 560,000. VAT ya asilimia 18 ni 100,800. Jumlisha: 660,800.

Hii ya 413,000. Thamani: milioni 10. Asilimia tatu na nusu ni 350,000, VAT 63,000. Jumlisha mwenyewe.

Hii ya 578,200. Thamani: milioni 14. Ni 490,000 na VAT 88,200.

Umeona? Wote watatu wametumia asilimia 3.5. Kwa gari la binafsi hicho ndicho kiwango cha kawaida, na viwango vya chini vinasimamiwa na TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, kwa hiyo usitegemee kumpata mtu wa asilimia moja. Kilichocheza ni thamani ya gari tu. Nilimpigia dada wa ile kotesheni ya pili.

Nikamwambia, "Dada yangu, samahani, hii milioni 10 mmeitoa wapi? Gari hujaliona."

Akasema, "Kaka, wateja wengi wanapenda iwe chini, inawapunguzia ada. Nikupandishie?"

Alijibu kwa upole kabisa, na simlaumu. Anauza kile tunachokililia, bei ndogo.

Ngoja niwaambie kwa nini hiyo bei ndogo siigusi tena. Mwaka juzi niliigusa. Gari nililokuwa nalo wakati ule lilikuwa na thamani ya milioni 15, nikakubali liandikwe milioni 9, nikajiona nimewapiga bao. Miezi minne baadaye, usiku, natoka Manyoni, karibu na Bahi nikakutana na ng'ombe. Taa moja, bampa, boneti, rejeta, vyote kwaheri. Mwenye ng'ombe naye alifika haraka kuliko trafiki, na alikuwa na bei yake. Gereji ikaandika matengenezo milioni 2 na nusu. Nikapeleka madai nikiwa na amani moyoni, si nina bima kubwa bwana.

Wakanipigia hesabu hivi. Gari la milioni 15 umelikatia bima ya milioni 9, maana yake umekatia asilimia 60. Basi na hasara tunakulipa asilimia 60. Milioni 2 na nusu ikawa milioni moja na nusu. Kisha wakakata eksesi, asilimia 10, 150,000. Nikapokea 1,350,000. Nyingine 1,150,000 nikatoa mfukoni, na zabibu za mama pale Hombolo zilizouzwa msimu ule zikaishia kwenye rejeta. Nilikwenda ofisini kwao nimevimba. Wakanionyesha kifungu kwenye mkataba, kipo, kwa maandishi madogo kama miguu ya sisimizi, na sahihi yangu chini.

Upande wa pili nao usijidanganye. Ukiandika milioni 16 gari la milioni 14, likiibwa hulipwi milioni 16. Unalipwa thamani ya sokoni siku hiyo. Ile 82,600 ya ziada uliyolipa kila mwaka umewapa zawadi.

Kwa hiyo wote watatu niliwarudishia thamani ya milioni 14, wakaniletea kotesheni mpya. Bei zikafanana, 578,200, isipokuwa mmoja aliyenipa kapunguzo kwa sababu ya kutodai. Sasa ndiyo unaweza kulinganisha.

Hatua ya sita: linganisha yale ambayo si bei. Soma mstari wa eksesi. Hii ni hela unayoichangia wewe kila ukidai. Hapa mmoja ameandika asilimia 10 ya dai. Mwingine naye ameandika asilimia 10, lakini isipungue 500,000. Hako ka "isipungue" kakamate. Ukivunja taa na kioo cha pembeni, fundi akakuandikia 450,000, kwa huyu wa pili hupati hata senti, kwa huyu wa kwanza unapata 405,000. Bei ya bima ni moja!

Kisha kioo cha mbele, watakulipa mpaka kiasi gani. Sisi wa barabara za vumbi na malori ya ujenzi, hilo swali ni la kwanza kabla ya moto na mafuriko. Uliza pia wizi wa vifaa, taa na vioo vya pembeni vikichomolewa gari limebaki. Uliza gari likitengenezwa, gereji unachagua wewe au wao.

Na matumizi. Hapa nawasema vijana wa Noah mnaosema "binafsi" halafu Ijumaa mnajaza abiria wa Kondoa. Bima ya kubeba abiria ni nyingine na ada yake ni nyingine. Ukipata ajali na abiria waliolipa nauli, kampuni ina haki ya kukugeuzia mgongo, na abiria mmoja tu akisema "mimi nilitoa nauli" umekwisha. Anayefanya teksi ya mtandaoni naye ni hivyo hivyo.

Hatua ya saba, lipa. Lipa kwenye akaunti au namba ya malipo yenye jina la kampuni au wakala aliyesajiliwa. Akikwambia "nitumie kwenye namba yangu, mfumo uko chini", mwambie mfumo ukipanda atakupata. Hata kama ni mtu wa kanisani kwenu.

Hatua ya nane inachukua dakika moja, na ndiyo inayotofautisha mwenye bima na mwenye karatasi. Siku hizi stika ni ya kielektroniki, hakuna tena ya kubandika kwenye kioo. Kwa hiyo unahakiki mwenyewe. Fungua intaneti kwenye simu, andika tiramis.tira.go.tz, ingia sehemu ya kuhakiki, weka namba ya gari. Hiyo hapo imefunguka. Angalia vitu hivi: jina la kampuni, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha, na aina ya bima. Mimi safari moja nililipia kubwa, mfumo ukasoma ndogo. Nikapiga simu, nikaambiwa "oh, bosi, kijana alikosea kubofya". Ikarekebishwa jioni ile ile. Je, nisingeangalia?

Ukiona haisomi kabisa baada ya kulipa, usiwashe gari, nenda na risiti yako palepale ulipolipia. Wakikuzungusha, peleka malalamiko TIRA, makao makuu yao yako hapa hapa Dodoma, hatuna kisingizio cha nauli. Na kama mmegombania malipo ya dai, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Mimi wakati wa ng'ombe sikwenda, kwa sababu kosa lilikuwa langu na nililitia sahihi.

Kwa hiyo nimechagua huyu wa asilimia 10 bila "isipungue", mwenye kapunguzo. Nimeshalipa asubuhi, nimehakiki mbele yenu. Kavanoti nimechapisha nakala moja, inakaa kwenye droo ya gari, maana simu huzima chaji siku ile trafiki anapokuwa na muda. Ngoja nishushe kioo sasa, nimeloa. Kama una kotesheni na huelewi mstari fulani, ziba jina lako na namba ya gari, piga picha, nitumie, Jumapili nitazisoma tano.